Siku Nilipokamata Sanda

Wanangu mnaovaa sare leo, nawasalimu kwa amani. Mimi nimestaafu. Goti langu la kushoto halikunji vizuri, macho yanataka miwani, na asubuhi zangu nazigawa kati ya msikiti na mipapai yangu sita hapa Malindi. Namshukuru Mungu kwa vyote hivyo, hata goti, maana lilinipa kisingizio cha kukaa kitako nikawaandikia.

Mwalimu mmoja wa maafisa wapya aliniomba niandike kuhusu kumkamata mtu kwa haki. Aliniambia kesi za watu wanaodai kukamatwa bila sababu zinawafikia vijana wakiwa bado hawajazoea viatu vya kazi, na wakisimama mbele ya hakimu hawajui waseme nini. Nikamjibu kwamba vifungu vya sheria mtasomeshwa na wenye elimu kunizidi. Mimi nina kisa kimoja tu kinachostahili karatasi, cha furushi la kitambaa cheupe. Miaka imepita, na nikilikumbuka mwili bado hunisisimka.

Lakini nianze na godoro, kwa sababu godoro ndilo lililopaswa kunifundisha.

Nilikuwa konstebo mpya, na mkubwa wangu alikuwa Sajenti Nyamai, Mkamba mmoja mpole, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye kalamu mbili mfukoni siku zote. Asubuhi moja upande wa Tezo nilimwona mwanamume amejitwika godoro, anatembea kwa kasi na kila hatua mbili anageuka nyuma. Nikamkamata, nikamfikisha kituoni naona fahari. Nyamai akafungua kitabu cha matukio, kile ambacho wote tunakiita OB, akaweka kidole kwenye mstari mtupu, akaniuliza nimeona nini.

"Anageuka nyuma, afande."

"Kwa nini mtu hugeuka nyuma?"

"Anaogopa kufuatwa."

"Na nani?"

"Na mwenye godoro."

Nusu saa baadaye mwenye godoro akaingia. Alikuwa mke wa yule bwana, na mwiko wa kusongea sima bado uko mkononi. Akasema godoro ni lao wote wawili, wamegombana tangu alfajiri, na bwana anahamia kwa nduguye. "Huyu mwachieni aende," akasema, "ila godoro libaki hapa kwenu." Nyamai akanitazama, akasema, "Wewe mtu wa Malindi, ulisema kweli kabisa. Alikuwa anafuatwa na mwenye godoro."

Kituo kizima kilicheka wiki nzima. Siku ile ile Nyamai alinifundisha maswali yake matatu, ambayo alitaka yajibiwe kabla pingu hazijatoka kiunoni. La kwanza, umeona nini kwa macho yako mwenyewe? La pili, umesikia nini, na kwa nani? La tatu, ni mambo gani yasiyo na hatia yanayoweza kumfanya mtu aonekane hivyo, na lipi kati yake unaweza kulihakikisha sasa hivi? Ukikosa jibu la tatu, alisema, basi hujafikiri bado. Hakuna anayekutaka uwe na yakini kama hakimu. Unatakiwa uwe na sababu ambayo mtu mwingine mwenye akili zake, akiisikia, ataona ina maana. Sababu iliyokuwepo kabla hujanyosha mkono, wala si uliyoiokota baadaye ukirudi kituoni.

Nilimpenda mzee huyo. Mungu amlipe mema. Maswali mawili ya kwanza niliyashika. La tatu likanitoka taratibu kadiri cheo kilivyopanda.

Kuna jambo jingine lazima mlijue, na naliandika kwa haya. Kila mtu anayekamatwa ana maiti nyumbani. Kama hana maiti, ana mgonjwa mahututi, au mke yuko leba. Habari kama hizo tulizisikia kila siku, na kweli nyingi zilikuwa uongo. Kwa hiyo tukawa na mzaha wetu. Mahabusu akisema amefiwa, aliyeko kaunta humwambia mwenzake, "Andika mwingine." Mmoja wetu alizoea kusema kwamba kwa hesabu ya sero zetu, wilaya nzima imeshakwisha, tumebaki sisi wenyewe na mbuzi. Nilicheka pamoja nao, na mara nyingine mzaha niliuanzisha mimi.

Mimi, wanangu, ambaye baba yangu alikuwa muosha maiti. Mtaa wetu wote ulimjua. Nilipokuwa chuoni nikisoma msahafu, akiitwa alinichukua nimshikie mkasi. Nilijifunza kupima sanda kabla ya kujifunza kupima shati. Naijua bafta ya sanda kwa kuigusa tu, ile nyepesi isiyo na nakshi. Harufu ya karafuu maiti wanayopakwa marehemu naijua hata nikiwa nimefumba macho, ile inayoingia puani baridi kama barafu na kukaa nguoni hadi kesho yake. Kumbukeni hilo tunapoendelea.

Wakati wa kisa hiki nilikuwa koplo, kwenye kituo kimoja upande wa Kilifi. Asubuhi hiyo tulipata taarifa kwamba ghala la mfanyabiashara mmoja limevunjwa na majora ya kitambaa cheupe yameibwa. Mlinzi alisema ameona mgongo wa mwanamume mrefu tu. Nikatoka na konstebo mwenzangu, Nekesa, binti wa Bungoma, mwangalifu sana na mwenye maswali mengi.

Saa tatu hivi, kando ya soko, akatupita mwanamume mrefu, shati limelowa jasho, amekumbatia furushi jeupe kifuani. Hakuwa anakimbia, lakini alikuwa karibu. Nikamwambia asimame. Akageuza kichwa bila kusimama.

"Afande, niwie radhi, nina maiti nyumbani."

Nekesa alinitazama. Najua alichotarajia, kwa sababu nilikisema. Nilisema, "Mwingine," tukamfuata.

Alipoona tumemzuia njia, alisimama akaeleza kwa utaratibu. Jina lake Salim, ni fundi mwashi, anakaa Tezo. Mama yake amefariki alfajiri. Pikipiki iliyomleta mjini imepata pancha na dereva hajarudi, ndiyo sababu anatembea kutafuta nyingine. Nikamuuliza risiti ya kitambaa. Hana. Nikaona nimeshinda.

Wanangu, hebu tazameni vizuri nilichofanya hapo, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Mzee aliyekuwa akiuza sanda karibu na msikiti hakuwa akikata risiti ya sanda. Aliuza kila kitu kingine kwa risiti, lakini sanda aliikata, akaikunja, akaikabidhi kwa mikono miwili na kuomba dua. Alisema hataki kuliingiza jina la marehemu kwenye daftari la biashara. Nililijua hilo, kwa maana sanda ya baba yangu niliinunua kwake. Kwa hiyo kitambaa hicho kukosa risiti ilikuwa dalili kwamba mtu huyu anasema kweli, na mimi nikaifanya dalili ya wizi. Kilikuwa kipande kilichokatwa, ncha zake mpya, na taarifa ilisema majora mazima. Nikajiambia amekata ili afiche. Alikuwa na haraka. Nikajiambia ni hofu. Ukishaamua, kila kitu kinakubaliana nawe.

Nekesa alilifungua furushi kidogo, akainusa pakiti ndogo iliyokuwa katikati.

"Koplo, hii ni nini? Ni dawa ya kuua nondo?"

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo ni karafuu maiti."

Nililitamka kwa mdomo wangu. Nilikijua kitu hicho ni nini, nikamjulisha asiyekijua, na baada ya kutamka hivyo nikamfunga Salim pingu.

Mpaka leo sijui nielezeje. Nimeomba toba mara nyingi na bado nikifika hapo nashangaa, kama vile nasoma habari za mtu mwingine. Sikuwa na chuki naye. Sikuwa nimelewa, sijapata kuonja. Masikio yalisikia, pua ikanusa, ulimi ukasema, na mkono ukafanya kinyume chake. Watu walikusanyika. Muuza mihogo mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Mwizi wa nguo huyo, hata aibu hana, kaibeba mchana." Salim aliniomba kitu kimoja tu, nimpigie simu dada yake. Nikasema tutafika kituoni kwanza.

Kituoni simu yake niliiweka kwenye droo pamoja na mkanda na kamba za viatu, kama tufanyavyo. Furushi likaandikwa kielelezo. Simu ikaanza kulia. Kiooni kulikuwa na neno "Dada". Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Nekesa akauliza kama tuipokee. Nikamwambia si utaratibu. Akaja tena baada ya muda, akasema Koplo, imelia mara nyingi mno. Nikabonyeza kitufe ikaacha kutoa sauti, nikaifunga droo. Ikaendelea kutetemeka mle ndani. Meza nzima ilikuwa ikitetemeka, na nilikuwa nimeweka kikombe changu cha chai juu yake.

Mtaniuliza kwa nini sikumwita mwenye ghala atambue mali yake. Alikuwa na simu, namba ilikuwa mbele yangu. Nilisema atakuja alasiri kuandika taarifa, hakuna haja ya kumsumbua. Watu husifu subira yangu. Siku ile nilikuwa na subira nyingi sana, na kila saa ya subira hiyo ilimla mtu aliyekuwa sero.

Mwenye ghala alifika jua limeshageuka sana. Nikamwekea kitambaa kaunta. Alikishika kwa vidole viwili, akakiachia upesi.

"Koplo, hii si yangu. Yangu ilikuwa ya mapazia, nzito, ina maua. Hii ni sanda." Akarudi nyuma hatua moja. "Nani amefiwa hapa?"

Yule wa mzaha wa mbuzi alikuwa ameinama anaandika, na niliona kalamu yake haiendi.

Nilikwenda mwenyewe kumfungulia Salim. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, uso ameuelekeza kibla. Nilimwambia kuna makosa yametokea, yuko huru. Alisimama, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaichukua simu yake. Alipoitazama akashika ukingo wa kaunta. Kulikuwa na ujumbe wa dada yake. Walikuwa wamemsubiri hadi alasiri. Wazee wakasema maiti hasubirishwi zaidi. Mama yake alikuwa ameshazikwa, kwa mashuka mawili aliyotoa jirani, moja lina mstari wa buluu pembeni. Salim akatoka. Furushi hakuliulizia, na mimi sikumkumbusha.

Baada ya siku arubaini nilikwenda Tezo kumwomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea mkeka, dada yake akaleta chai. Wakati huo ndipo nilipojua kilichoendelea. Fundi mwashi huingia majumbani mwa watu. Huachiwa funguo, huachiwa saruji na vyombo. Tangu aonekane sokoni na pingu, wateja wake walikuwa wamemwambia mmoja baada ya mwingine kwamba kazi imeahirishwa. Watoto wake shuleni waliitwa watoto wa mwizi wa nguo. Nikamwambia mimi nimekosa, anisamehe kwa ajili ya Mungu.

Alikiweka kikombe chake mkekani.

"Koplo, ulinifunga mbele ya watu," akasema. "Niombe radhi mbele ya watu."

Hivyo ndivyo kesi ilivyofunguliwa. Walikuja wazee, walikuja wakubwa, wote wakimsihi aimalize nyumbani. Alikataa kwa adabu. Alisema nyumbani hakukamatwa.

Wakili wa serikali alinitayarisha. Alikuwa kijana mwerevu na hakuniambia niseme uongo. Aliniambia nijibu kwa ufupi: kulikuwa na taarifa ya wizi wa kitambaa cheupe, mtu mrefu, ana kitambaa cheupe, hana risiti, amekataa kusimama. Ukivipanga hivyo, wanangu, vinapendeza. Kabla ya kuingia nilivirudiarudia nikaona hata mimi mwenyewe nimeanza kuviamini. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nipandishwe cheo, na nilijua hukumu mbaya ingekaa kwenye faili langu.

Upande wa Salim alisimama wakili wake, mama mmoja mwenye sauti ndogo. Alinipa OB na kuniomba nisome nilichoandika. Nikasoma kwamba mshukiwa alikataa kusimama, hakuwa na risiti, na alionekana mwenye wasiwasi. Akauliza alichoniambia mteja wake njiani. Nikasema alisema ana maiti nyumbani.

"Uliandika hilo?"

"Sikuandika."

"Huo wasiwasi, Koplo, aliuonyesha kabla hujamfunga, au baada?"

Nilitazama ukurasa. Saa ya kuandika ilikuwa saa nzima baada ya kumkamata. Neno "wasiwasi" nililiandika nikiwa kaunta, nikimtazama mtu mwenye pingu ambaye mama yake anasubiri kuzikwa. Nani asingekuwa na wasiwasi?

"Baada," nikasema.

Wakili wa serikali akakohoa. Yule mama akauliza kama kulikuwa na kitu kingine ndani ya furushi. Nje ya mlango nilijua yuko Nekesa, naye atasema kweli, ndivyo alivyo. Lakini Mungu ni shahidi, sikusema kwa sababu yake. Nilimwona Salim amekaa benchi la mbele, amevaa kanzu safi, na nikaona anautazama mdomo wangu.

"Kulikuwa na karafuu maiti. Niliinusa. Konstebo mwenzangu hakuijua, nikamwambia ni nini." Kisha nikasema ambalo hakuna aliyeniuliza. "Baba yangu alikuwa muosha maiti. Nimekata sanda tangu utotoni. Nilijua ni sanda, mheshimiwa. Nilijua, na nikamkamata."

Hakimu aliivua miwani yake akanitazama, si kwa hasira. Nilimwona ameshtuka kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo hakutaka kulijua. Nikaomba ruhusa nimgeukie Salim. Akaniruhusu. Nikamwomba radhi, kwa jina lake na la mama yake, mbele ya watu waliojaa mabenchi, na muuza mihogo alikuwemo.

Salim alishinda kesi. Kiasi alichopewa hakihusiki hapa. Cheo changu kilichelewa miaka, nikakipata mwishoni, alhamdulilahi. Tangu siku ile hadi nastaafu sikufunga mtu pingu bila kuandika kwanza mstari mmoja kwenye kijitabu changu cha mfukoni, nikiwa bado nimesimama njiani, na chini yake jibu la swali la tatu la Nyamai. Waliokuwa na haraka walinicheka. Wengine niliwaacha waende na ikaja kuonekana ni wezi kweli, nikawakamata kesho yake. Mwizi utampata kesho. Kaburi likishafukiwa huwezi kulirudisha asubuhi.

Kesi ilipokwisha, kielelezo kilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Niliweka saini, nikalichukua furushi mpaka Tezo. Nilimkuta Salim juu ya jukwaa anapiga plasta ukuta wa nyumba ya mtu, na funguo za nyumba hiyo zimening'inia mkandani mwake. Nilizitazama zile funguo kwa muda.

Alishuka, akanawa mikono, akalifungua furushi. Bafta ilikuwa imepata rangi ya manjano kwenye mikunjo. Pakiti ya karafuu maiti ilikuwa tupu, yote imeyeyukia hewani mle stoo. Akaikunja sanda upya, polepole, akanirudishia.

"Mama amezikwa," akasema. "Hii haina mtu."

Nikamuuliza kama niipeleke msikitini.

"Hapana. Kaa nayo wewe. Siku yako isije ikakubidi kusubiri kama alivyosubiri yeye."

Akapanda jukwaani akaendelea na kazi. Sijui mpaka leo kama lile lilikuwa pigo au lilikuwa msamaha. Nimekwisha kuacha kuuliza, nimelipokea kama nilivyopewa.

Imo kwenye sanduku langu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mke wangu huifua na kuianika, nami hukaa nikaitazama mpaka ikauke. Wanangu wa kuzaa wanajua ilipo. Kilichobaki ni karafuu maiti tu, ambayo hainunuliwi mapema kwa kuwa haikai. Siku yangu ikifika mmoja wao atatumwa dukani, na atarudi kwa miguu ya haraka, ana pakiti ndogo mkononi, hana risiti. Mkimwona, muulizeni. Akijibu, msikilizeni. Kisha mpisheni apite.